Pumba Zina Mwenyewe: Uchambuzi wa Kisa cha Kuni Mbadala Katika Bonde la Mpunga

Kisa hiki kinahusu kampuni ndogo iliyokusudia kugeuza pumba za mpunga kuwa kuni mbadala za kupikia mashuleni, katika mojawapo ya mabonde ya mpunga ya Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Jina la kampuni, wilaya, bei na mauzo yake vimeondolewa, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Tarakimu zilizobaki ni za maumbile ya pumba zenyewe na za mambo yanayojulikana hadharani. Nimekichagua kwa sababu mashine zilifanya kazi, wateja walikuwepo, pumba zilikuwa za kumwaga, na bado kiwanda kilikaa kimya karibu nusu ya mwaka wake wa kwanza.

Usuli

Mpunga ukikobolewa, takriban moja ya tano ya uzito wake hubaki kuwa pumba. Mashine inayokoboa tani 5 kwa siku huacha tani 1 nyuma ya jengo, kila siku. Kwenye kituo cha biashara chenye mashine kumi na zaidi, chungu hizo hugeuka vilima. Kabla kampuni haijafika, wenye mashine walizichoma hapohapo uwanjani, moto ukifukuta kwa siku kadhaa na moshi ukiingia kwenye nyumba za jirani. Nyingine zilisukumwa mferejini.

Utaratibu wa pale ni ule wa sehemu nyingi za nchi. Mkulima au mfanyabiashara analeta mpunga, analipa kwa gunia, anaondoka na mchele wake. Pumba ni za mwenye mashine.

Upande wa soko, mambo yalionekana kuiva. Serikali ilikuwa imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na mwaka huohuo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ukazinduliwa ukiwa na lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Shule za bweni zilikuwa zinatafuta pa kukimbilia. Gesi ilihitaji mtaji wa mitungi na majiko mapya. Mkaa wa Rafiki Briquettes wa STAMICO (Shirika la Madini la Taifa), unaotokana na makaa ya mawe, ulikuwa umeanza kuingia kwenye taasisi. Kampuni yetu iliona nafasi: kuni za pumba, zilizoshindiliwa bila gundi wala maji, zinazoingia kwenye jiko lilelile la kuni.

Kiufundi wazo lilikuwa sahihi. Pumba zikitoka mashineni huwa tayari zimekauka, unyevu wake ni karibu asilimia 10, na hazihitaji kusagwa. Mashine ya kushindilia kwa skrubu huzisukuma ndani ya bomba lenye joto, zinashikana zenyewe, na kinachotoka ni gogo gumu lenye tundu katikati, zito kiasi kwamba ukilitia majini linazama. Kilo moja ina megajuli 13 hadi 15. Mkaa una karibu 29, lakini kuni kavu za kawaida ziko jirani kabisa na pumba. Mpishi aliyezoea kuni hahitaji kujifunza upya.

Mpango ulivyochorwa

Waanzilishi walikuwa watu wa hesabu. Walizunguka kwenye mashine zote za bonde, wakauliza kila moja inakoboa kiasi gani, wakazidisha kwa asilimia 20, wakapata tani za mwaka. Kisha wakachukua sehemu ndogo tu ya jumla hiyo kama mahitaji ya kiwanda, kwa tahadhari. Kwenye karatasi, pumba zilitosha mara kadhaa.

Uamuzi wa kwanza mkubwa ulikuwa mahali pa kujenga. Walichagua mjini, kando ya barabara kuu, mwendo wa saa moja na ushee kutoka kwenye mashine. Sababu zao zilieleweka: mjini kulikuwa na umeme wa njia tatu, mafundi wa kuchomelea, benki, na shule nyingi za bweni zilikuwa huko. Banda la kupangisha lilipatikana haraka. Mfadhili naye alipenda mahali anapoweza kufika bila kulala njiani, jambo ambalo halikuandikwa kwenye andiko la mradi lakini lilikuwa na uzito wake.

Uamuzi wa pili ulihusu pumba zenyewe. Makubaliano na wenye mashine yalikuwa ukurasa mmoja: kampuni itaondoa pumba bure, nao watapata uwanja safi. Hapakuwa na bei, kiwango cha chini, wala adhabu kwa atakayevunja. Wenye mashine walisaini wakicheka. Nani angekataa kufagiliwa?

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuanza na shule peke yake, kwa mikataba ya mwaka, ili kiwanda kiwe na mapato ya uhakika.

Mambo yalivyokwenda

Kiwanda kiliwashwa mwezi Juni, mavuno yakiwa yamepamba moto. Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri, na kilichoanza kuuma ni usafiri. Pumba zilizomwagwa tu zina kilo 100 hadi 150 kwa meta moja ya ujazo. Fuso lenye bodi la meta za ujazo 20 likijazwa hadi kwenye maturubai hubeba tani mbili na kidogo, ilhali limejengwa kubeba mara tatu ya hizo au zaidi. Kampuni ilikuwa inalipa dizeli, dereva na makuli ili kusafirisha hewa. Walijaribu kujaza kwenye viroba na kushindilia kwa miguu. Uzito uliongezeka kidogo, gharama ya viroba na vibarua ikala faida yote.

Barabarani kulikuwa na geti la ushuru. Je, pumba nazo ni mazao? Siku nyingine waliruhusiwa kupita, siku nyingine walitozwa kama wamebeba mazao, kutegemea nani yuko zamu. Hatimaye walipata barua kutoka halmashauri na suala likaisha, ila barua hiyo ingeweza kuombwa kabla gari la kwanza halijaondoka.

Kisha, Agosti ikiendelea, wachoma matofali wakaingia uwanjani. Kiangazi ndicho msimu wa kufyatua na kuchoma matofali, na kwa muda mrefu wachomaji wa bonde lile wamekuwa wakichanganya pumba na kuni kwenye tanuri. Zamani walizichukua bure, wachache wachache. Sasa walikuta magari ya kampuni yanazoa kila kitu, na wakafanya ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya: wakaja na fedha mkononi. Mzee mmoja mwenye mashine mbili alimwambia meneja wa kampuni, kwa upole wa mtu anayemsemesha mwanawe, kwamba karatasi yao anayo na anaiheshimu, ila huyu mwingine amekuja na hela. Wafuga kuku wanaozitandaza mabandani kama matandiko wakafuata. Ndani ya msimu mmoja kitu kilichokuwa kero kikawa na bei, na aliyekipa bei ni kampuni yenyewe kwa kuonyesha kwamba kina kazi.

Si jambo geni. Uganda, maganda ya kahawa yalikuwa takataka za mashine za kukoboa hadi kiwanda cha saruji cha Hima kilipoanza kuyachoma kwenye tanuri lake. Mabaki ya shamba hubaki kuwa mabaki hadi mnunuzi wa kwanza anapojitokeza. Baada ya hapo ni bidhaa, na hesabu zilizofanywa kwa bei ya sifuri hazina maana tena.

Kuna jambo jingine ambalo orodha ya mashine haikulionyesha. Karibu theluthi ya mashine za bonde zilikuwa za aina ya zamani, zile za chuma zinazoondoa ganda na kung'arisha mchele kwa mkupuo mmoja. Kinachotoka humo ni mchanganyiko wa ganda lililosagika na unga laini wa punje. Mchanganyiko huo ni chakula cha nguruwe na kuku, na tangu hapo ulikuwa na wateja wake. Mashine mpya za roli za mpira ndizo zinazotenganisha ganda safi. Kwa hiyo pumba za theluthi nzima ya mashine zilizohesabiwa hazikuwahi kupatikana.

Oktoba mashine za kushindilia zilianza kusimama kwa sababu ya skrubu. Pumba za mpunga zina majivu mengi, karibu asilimia 20 ya uzito wake, na zaidi ya tisa ya kumi ya majivu hayo ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Yanakula chuma. Muuzaji wa mashine alikuwa ametaja muda wa maisha ya skrubu uliopimwa kwa vumbi la mbao. Kwa pumba, kichwa cha skrubu kililika baada ya saa chache tu za kazi, kikahitaji kuchomelewa upya. Kwa bahati nzuri fundi wa mjini alijifunza haraka kukijaza kwa vijiti vya chuma kigumu, na kampuni ikanunua skrubu za akiba ili moja iwe kazini, nyingine karakana. Hapo eneo la mjini lilisaidia kweli.

Mvua zilipoanza Desemba, kila kitu kilikutana. Pumba zilizobaki uwanjani mwa mashine zililowa, na pumba mbichi hazishikani, mvuke hujifungia ndani ya bomba na gogo hupasuka likitoka. Banda la kampuni lilikuwa na nafasi ya wiki mbili tu. Barabara ya vumbi kwenda bondeni ikawa tope. Na shule, ambazo ndizo mteja pekee, zilikuwa zimefungwa.

Hili la shule linahitaji kusimama kidogo. Likizo ndefu za shule ni Juni na Desemba. Pumba nyingi na kavu ziko Juni hadi Oktoba. Mahitaji makubwa ya shule ni muhula wa Januari hadi Mei, wakati wa mvua. Kiwanda kilipaswa kuzalisha kiangazi na kuuza masika, kumaanisha kufungia fedha kwenye ghala kwa miezi. Kampuni haikuwa na ghala wala fedha. Zaidi ya hapo, shule nyingi zililipa kwa kuchelewa, fedha zikija muhula ukiwa umekwisha, wakati makuli, dereva na fundi wanalipwa jioni ileile.

Kufikia Februari mashine mbili za kushindilia kati ya tatu zilikuwa zimefunikwa turubai.

Maamuzi ya kuhama

Ilichukua muda waanzilishi kukubaliana kwamba tatizo halikuwa bei ya dizeli. Mmoja wao alitaka gari kubwa zaidi. Mwingine alitaka kuongeza mabua ya mpunga ili kuziba upungufu wa pumba. Pendekezo hilo la mabua lilijadiliwa kwa kina na likakataliwa, na nadhani ndio uamuzi bora waliofanya katika mwaka mzima. Baada ya mavuno mabua ni malisho. Wafugaji huingiza ng'ombe mashambani kwa makubaliano na wakulima, na kuyazoa kungeanzisha ugomvi katika bonde ambalo migogoro ya wakulima na wafugaji haihitaji kuchochewa. Pia mabua yana potasiamu na klorini nyingi kuliko pumba, vitu vinavyofanya majivu yayeyuke na kugandamana kwenye jiko. Na tofauti na pumba, ambazo hazikuwa zinarudi shambani, mabua yanayoachwa huurudishia udongo sehemu ya ulichotoa.

Kiwanda cha chai cha milimani nacho kilileta ofa ya kununua tani nyingi kwa ajili ya bwela la kukaushia majani. Ilivutia. Lakini chai huchumwa kwa wingi wakati wa mvua, yaani palepale kampuni ilipokuwa na upungufu. Mteja mkubwa anayehitaji mzigo mwezi usio na mzigo ni deni. Walikataa.

Walichoamua ni kupeleka mashine kwenye pumba. Jambo lililokuwa mbele ya macho tangu mwanzo ni kwamba mashine za kukoboa zenyewe zinaendeshwa kwa umeme wa njia tatu, hivyo umeme uliowapeleka mjini ulikuwepo bondeni pia. Mashine mbili za kushindilia zilihamishiwa kwenye viwanja vya wenye mashine wawili wenye roli za mpira, chini ya paa, hatua chache kutoka pumba zinapomwagika. Fuso likaanza kubeba magogo yaliyoshindiliwa, gari likijaa kwa uzito badala ya kujaa kwa ujazo.

Makubaliano yaliandikwa upya. Mwenye mashine anatoa nafasi, paa na pumba. Kampuni inaleta mashine, fundi na soko. Mita ya umeme ni ya pekee. Na mwenye mashine analipwa kwa kila gunia la kuni linalotoka, kila Jumamosi. Wachoma matofali hawakufukuzwa. Walitengewa pumba za mwisho wa kiangazi zinazozidi uwezo wa mashine, kwa bei iliyokubalika na pande zote.

Upande wa soko, matanuri ya mikate ya mjini yaliongezwa. Yanaoka kila siku, hayana likizo, na yanalipa taslimu, ingawa kila moja huchukua kidogo. Shule zilipunguzwa hadi zile zinazokubali kulipa sehemu kabla na kupokea mzigo wakati wa kiangazi kwenye stoo zao wenyewe, kwa punguzo. Hivyo ghala ambalo kampuni haikuweza kulijenga lilipatikana kwenye stoo za shule.

Matokeo

Mwaka wa pili kiwanda kilifanya kazi miezi mingi kuliko wa kwanza na kiliacha kupata hasara ya kila siku, ila uzalishaji haukukaribia ule wa kwenye andiko. Mashine ya tatu iliuzwa. Gharama ya usafiri kwa kila tani ya kuni ilishuka sana, kama inavyotarajiwa kwa mzigo ulioongezeka uzito namna hiyo. Viwanja viwili viliacha kuchoma pumba. Vingine vya jirani vinaendelea.

Tatizo la majivu lilihamia kwa wapishi. Kilo tano za kuni hizi huacha karibu kilo moja ya majivu, wakati kuni za msitu huacha kiduchu. Shule mbili ziliacha kununua kwa sababu hiyo tu: jiko lilikuwa linaziba kabla maharage hayajaiva. Zilizobaki ni zenye majiko yenye chekeche na mlango wa chini wa kutolea majivu. Mwalimu wa kilimo katika shule mojawapo huyamwaga kwenye bustani, na mafundi wawili wa matofali ya saruji wamekuwa wakiyajaribu kwenye mchanganyiko wao. Majivu ya pumba yaliyochomwa vizuri kweli huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji, lakini yanategemea joto yaliyochomewa, na jiko la shule halina kipimo cha joto.

Uchambuzi

Ukiacha ile theluthi ya mashine za zamani, hesabu ya tani ilikuwa sahihi na haikufaa. Waanzilishi walizipanga tani za mwaka kwa kufuata majira ya mavuno, kana kwamba mavuno ya Juni ni pumba za Juni. Mkulima na mfanyabiashara hawakoboi kwa sababu wamevuna. Wanakoboa mchele unapopanda bei, na anayeweza huweka mpunga stoo hadi Januari au Februari. Pumba zinafuata bei ya mchele. Mwaka ambao bei ni nzuri mapema, vilima vinapatikana mapema. Mwaka ambao watu wanasubiri, mashine zinalala. Yeyote anayepanga mnyororo wa aina hii anapaswa kukaa na daftari la mwenye mashine, mwezi kwa mwezi, kwa misimu miwili au mitatu, na kupuuza takwimu za mavuno za wilaya. Daftari hilo lipo. Kila mwenye mashine analo, hata kama limeandikwa kwa kalamu ya risasi na kupakwa mafuta.

Mkataba wa bure ulionekana kama bahati na ulikuwa udhaifu mkubwa kuliko wote. Anayekupa kitu bure hana cha kupoteza akikunyima. Malipo ya kila Jumamosi yaliingia kwenye gharama, ndiyo, lakini yalimfanya mwenye mashine awe wa kwanza kupiga simu skrubu inapokwama. Ningependa pia mkataba wa kwanza ungewataja wachoma matofali, ambao walikuwa wakitumia pumba kabla ya kampuni kuzaliwa. Andiko la mradi liliita pumba "zisizotumika". Mtu mmoja akitembea bondeni kiangazi angeona matanuri yanafuka.

Kuhusu mahali pa kiwanda, kanuni ya wanaofanya biashara ya mabaki ya mazao ni kushindilia kwanza na kusafirisha baadaye, na hapa ilithibitika. Hata hivyo ninawatetea waanzilishi kidogo. Kama wangeanzia bondeni, skrubu zingewashinda mwezi wa kwanza kwa kukosa fundi. Mwaka wa mjini uliwapa fundi aliyejua kazi, na ndipo kuhama kukawezekana. Kilichokosekana ni kuuona mji kama karakana ya kujifunzia tangu mwanzo, na kutolipa kodi ya banda ya miaka mitatu.

Kwa upande wa mazingira, hesabu ya mradi ilikuwa na mwanya. Iliorodhesha miti iliyookolewa kwa kila tani ya kuni mbadala, lakini haikutaja dizeli ya Fuso lililobeba hewa, wala haikuuliza wachoma matofali watachoma nini wakikosa pumba. Jibu la swali la pili ni kuni. Katika mwaka wa kwanza, sehemu ya miti iliyookolewa jikoni mashuleni huenda ilikatwa kwa ajili ya tanuri. Mgao wa mwaka wa pili ulipunguza hilo, na ndiyo maana nauhesabu kama uamuzi wa mazingira ingawa ulifanywa kwa ajili ya amani ya uwanjani.

Kilichofanya kazi zaidi ya matarajio ni matanuri ya mikate. Hayakuwa kwenye andiko. Yaliingia kwa sababu dereva mmoja alikuwa na shemeji mwoka mikate aliyeomba magunia mawili ya kujaribia. Fedha zao ndogo za kila siku ndizo zinazolipa makuli wakati kampuni inasubiri hundi za shule.

Hadi ninaandika, mkataba na wenye mashine una pengo moja ambalo halijazibwa. Yule mzee mwenye mashine mbili sasa anajua gharama ya skrubu, anamjua fundi kwa jina, anajua matanuri yanayonunua, na ameshaulizia bei ya mashine ya kushindilia ya kwake. Hakuna kipengele kinachomzuia. Kampuni inafikiria kumwuzia mashine moja kwa mkopo na kubaki na kazi ya soko na matengenezo. Waanzilishi wawili wanaunga mkono, mmoja hataki kusikia.